Herufi moja kwenye lebo: kisa cha kuongeza RAM kwenye kompyuta ndogo ya steshenari, Uyole

Duka na mashine

Steshenari yenyewe ni ya chumba kimoja, Uyole, Mbeya, si mbali na pale barabara ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu iendayo Tunduma. Jina la duka, la mwenyewe na la binti anayemsaidia nimeyaweka kando, na mambo mawili matatu ambayo yangewatambulisha nimeyabadilisha. Yanayohusu mashine sijayagusa. Mama mwenye duka aliniruhusu kuandika kwa sharti kwamba nisimchore kama mshamba wa kompyuta. Halikuwa sharti gumu. Mshamba wa kisa hiki, kama utakavyoona, ni fundi.

Kazi za duka mnazijua: kuchapa, kudurufu, kuskani vyeti, kupiga picha za pasipoti na kuzisafisha kwenye Photoshop, kujaza maombi ya vyuo na ya mikopo mtandaoni kwa vijana wasio na kompyuta. Mwaka mzima mambo huenda taratibu. Ikifika Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, foleni hutoka nje hadi barazani, watu wamejikunyata ndani ya masweta, kila mmoja na bahasha yake ya vyeti. Yaliyotokea hapa ni ya Julai 2024.

Mashine inayobeba kazi hiyo yote ni Dell OptiPlex 3040 Micro, kile kiboksi cha takriban sentimita 18 kwa 18, unene usiofika sentimita 4, ambacho wengi hukifunga nyuma ya skrini ili meza ibaki wazi. Mama aliinunua ya mtumba. Wakati huo ndani ilikuwa na prosesa ya Core i3-6100T, RAM (kumbukumbu ya muda ambayo programu hufanyia kazi) ya GB 4 katika kipande kimoja, nafasi ya pili ya RAM tupu, na diski ya GB 500 ya aina ya zamani, ile inayozunguka. Windows ni 10, ya biti 64. Hilo la biti nalitaja makusudi: Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4 hata ukiijazia, na nimeshakutana na watu walioongeza RAM kwenye mfumo wa biti 32 kisha wakamlaumu muuzaji.

Simu ya Jumatatu

Mama alinipigia asubuhi, mimi niko Mbalizi chini ya meza ya mteja mwingine, navuta waya wa mtandao.

“Fundi, hii mashine inatembea kama imebebeshwa lumbesa. Nikifungua picha, inaganda. Nikiskani, inaganda. Watu wananisonya.”

Nikamuuliza maswali ya kawaida, akajibu, na yote yalielekea kwenye RAM ndogo. GB 4 kwa Chrome, Photoshop na skana kwa wakati mmoja ni kidogo, hapo sikuhitaji mganga. Akasema mdogo wake yuko Dar, Jumatano anapanda basi kuja Mbeya, na anaweza kupita Kariakoo. “Niambie tu anunue nini.”

Nikaomba binti asome stika ya prosesa iliyobandikwa mbele. Akasoma: i3, kizazi cha sita. Nikajibu palepale, kichwa bado kiko chini ya meza: “Mwambie achukue RAM ya laptopu, DDR4, GB 8, kipande kimoja.”

Jibu lile lilikuwa na nusu ya ukweli. “Ya laptopu” ilikuwa sahihi, maana viboksi vya namna hii havitumii vile vipande virefu vya kompyuta kubwa za mezani. Vinatumia vifupi, vinavyoitwa SODIMM. Kosa lilikuwa kwenye “DDR4”, yaani aina ya RAM yenyewe.

Mitaani tuna kanuni tunayoirithishana: kizazi cha nne ni DDR3, cha sita ni DDR4. Inafanya kazi mara nyingi kiasi kwamba mtu husahau kuwa ni kanuni ya mtaani tu. Prosesa za Intel za kizazi cha sita, zilizotoka 2015, zinaweza kufanya kazi na DDR4 na pia na DDR3L, ile DDR3 ya umeme mdogo. Anayeamua ipi itumike ni aliyetengeneza ubao mama. Dell mwenyewe, ndani ya kizazi hichohicho, aliweka DDR4 kwenye OptiPlex 7040 na akaacha DDR3L kwenye 3040. Mrithi wake, 3050, ndiye aliyehamia DDR4. Tofauti ya tarakimu moja kwenye jina, na RAM haziingiliani.

Kifurushi kinafika

Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa dukani kabla foleni haijakolea. Kabla ya kufungua kitu nilifanya kile nilichopaswa kukifanya Jumatatu: nilimwomba binti afanye kazi kama siku zote, mimi nikatazama Task Manager, kile kidirisha cha Windows kinachoonyesha programu zinavyoitumia mashine.

Chrome ilikuwa na kurasa kumi na mbili wazi. Photoshop ilikuwa na picha tatu za pasipoti. Programu ya skana nyuma yake, Word nayo, na WhatsApp ya kwenye kompyuta kwa ajili ya wateja wanaotuma faili. RAM ilikuwa imejaa asilimia 94. Diski ilikuwa asilimia 100, na ilikaa hapohapo dakika nzima bila mtu kugusa kibodi. Mstari unaoonyesha jumla ya kumbukumbu iliyoombwa na programu zote ulisoma karibu GB 6.9.

Hiyo namba ya mwisho ndiyo muhimu, nayo wengi hawaitazami. Programu zinadai GB 6.9, iliyopo ni 4, na hata hiyo 4, michoro ya skrini imeshajimegea kidogo kwa sababu mashine haina kadi yake ya michoro. Kinachopungua Windows hukikopa kwenye diski. Diski inayozunguka huchukua takriban milisekunde 10 kukifikia kitu, wakati RAM hupimwa kwa nanosekunde. Ndiyo maana binti akihama kutoka Photoshop kwenda Chrome, mashine inasimama kama ng'ombe aliyeona daraja.

Basi tatizo lilikuwa kweli RAM. Nikachomoa adapta, nikabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, nikafungua skrubu ya nyuma kwa vidole, nikasukuma kava mbele na kulinyanyua. Nilitoa na diski ili mkono upate nafasi. Nilikuwa nimevaa koti zito la manyoya ya plastiki, lile linalotoa cheche ukilivua gizani, kwa hiyo nililivua, nikashika bati la boksi kwanza, ndipo nikagusa ubao.

Nikatoa kipande kipya kwenye mfuko wake, nikakielekeza kwenye nafasi tupu. Hakikukaa.

Ukiviweka sambamba unaona mara moja. Kipande cha DDR3 cha SODIMM kina miguu 204 ya dhahabu, cha DDR4 kina 260, na lile pengo dogo la katikati limehamishwa ili mtu asiweze kukosea. Limewekwa makusudi. Sikusukuma. Nimewahi kuletewa ubao ambao mtu alisukuma, na nafasi ya RAM ilikuwa imepasuka kama ganda la karanga.

Nikageuza kipande cha zamani nikasoma lebo kwa tochi ya simu: 4GB, 1Rx8, PC3L-12800S. Kwenye lebo, PC3L ndiyo DDR3L.

“Mama, nimekosea. Hii siyo yake.”

Alikitazama kile kipande kwenye kiganja changu. “Sasa mwanangu, hii sitini na tano elfu nimpelekee nani?”

Dukani Kariakoo walishaandika kwenye risiti kwamba mali ikiuzwa hairudi, na kwa kweli muuzaji aliuza alichoombwa. Nikamwambia kipande nakichukua mimi, na hela yake nitamrudishia. Nilimrudishia mwisho wa wiki. Uamuzi huo sijaujutia. Uliofuata ndio unaonikosesha usingizi.

Kopo la vipande

Saa nne ilikuwa imeshafika. Barazani walikuwa watu tisa, mmoja wao mzee aliyetoka Igurusi na mjukuu wake kwa ajili ya fomu za mkopo, na binti alikuwa anawajibu “subirini kidogo, fundi anamalizia”. Kwenye begi ninatembea na kopo la kahawa lenye vipande vya RAM nilivyovitoa kwenye laptopu zilizokufa. Nikalimwaga mezani.

Kulikuwa na kimoja cha GB 4 chenye pengo la DDR3. Lebo yake ilikuwa imefunikwa nusu na kikaratasi cha muuzaji wa zamani, kile cha kuandika tarehe ya dhamana. Nilichoweza kusoma ni “4GB 2Rx8 PC3”, kisha karatasi inaanza, kisha inatokeza “12800S” upande wa pili.

Kati ya PC3 na 12800 kunaweza kuwa na herufi L au kusiwe nayo. Ikiwepo, kipande kinafanya kazi kwa volti 1.35. Isipokuwepo, kimetengenezwa kwa volti 1.5. Umbo, miguu na pengo ni vilevile. Vyote vinaingia na kubana vizuri. Nilijua tofauti hiyo. Kukibandua kile kikaratasi kungenichukua nusu dakika na ukucha. Nilijiambia laptopu kilikotoka haikuwa ya zamani sana, basi bila shaka ni L.

Nikakichomeka kwa kukiinamisha, nikakibonyeza mpaka klipu zote mbili zikalia. Nikawasha. Skrini ilikaa nyeusi muda mrefu kuliko kawaida, jambo ambalo halitishi: mashine ikiona RAM imebadilika huipima upya kabla ya kuendelea, na wanaoizima kwa hofu hapo ndio wanaojiletea matatizo. Ikawaka. GB 8.

Nilifanya kipimo? Nilifanya kile cha Windows chenyewe, nikakiweka kwenye kiwango chepesi kabisa kwa sababu ya foleni. Hakikuona kosa. Binti akafungua Photoshop na Chrome pamoja, akacheka. “Kaka, inaruka!” Mama akanilipa, akanisindikiza mpaka mlangoni na *ndaga fijo* (asante sana, kwa Kinyakyusa) mbili tatu. Nikaondoka najiona daktari bingwa.

Ijumaa hadi Jumatatu

Ijumaa hapakuwa na neno. Jumamosi mchana mashine ilitoa skrini ya bluu, ikajiwasha upya. Jioni ikatoa tena, lakini kwa ujumbe tofauti: mara ya kwanza ililalamikia usimamizi wa kumbukumbu, mara ya pili ikalaumu dereva. Kurasa za Chrome zikawa zinajifunga zenyewe. Binti, kwa nia njema, akadhani ni virusi, akaweka programu ya pili ya kuzuia virusi juu ya ile ya Windows. Hilo likaongeza uzito na kuficha dalili.

Jumatatu asubuhi ndipo pigo likafika. Mama ana faili la Excel la madeni: walimu wa shule za jirani wanaochapisha mitihani kwa mkopo na kulipa mwisho wa mwezi. Alilifungua, Excel ikasema faili limeharibika. Ikajaribu kulitengeneza, ikarudisha karatasi ya kwanza tu, na namba nyingine ndani yake zilikuwa za ajabu.

Hakunipigia kelele. Aliniambia tu, “Fundi, njoo uone daftari langu,” kwa sauti ambayo mtu humwitia jirani akione kilichofanywa na mbuzi wake shambani.

Watu hudhani RAM mbovu inaishia kuzimisha mashine. Kila unachokihifadhi hupita kwenye RAM kabla ya kufika kwenye diski. Biti ikigeuka njiani, diski huandika kosa hilo kwa uaminifu wote. Skrini ya bluu ni ile bahati ya kwamba kosa limeangukia mahali ambapo Windows inajali. Likiangukia kwenye deni la mwalimu, hakuna anayepiga honi.

Usiku wa kupima

Jumatatu duka lilipofungwa nilibeba kiboksi kwenda nacho kwangu, nikamwachia mama laptopu yangu ili asikose kazi Jumanne. Safari hii nilijiwekea sheria ya kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, na kuandika.

Niliweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, nikaiwasha mashine kupitia hapo ili Windows isiingilie kabisa. Toleo la bure linaruhusu mizunguko minne, inatosha.

Vipande vyote viwili vikiwemo, mzunguko wa kwanza ulipita safi. Wa pili ukaanza kutoa makosa, mistari myekundu michache, kisha mingi. Kipimo chepesi nilichofanya Alhamisi kisingeyaona kamwe.

Nikatoa kipande changu, nikaacha cha zamani peke yake. Saa saba usiku, kikiwa katika mzunguko wa tatu, umeme ukakatika mtaa mzima. Hivi viboksi havina betri ya kusubiria; niliketi gizani nimejifunika blanketi, nikawa nafikiria ile nusu dakika ya ukucha. Umeme uliporudi nikaanza upya. Mizunguko minne, hakuna kosa. Nikakihamishia nafasi ya pili, mizunguko miwili, hakuna kosa. Basi nafasi zote mbili ni nzima na kipande cha zamani ni kizima.

Nikaweka changu peke yake. Makosa.

Ndipo nikabandua kile kikaratasi. Chini yake: PC3-12800S. Hakuna L.

Nilitaka uhakika zaidi, kwa sababu kingeweza kuwa kibovu tu kwa uzee. Nina laptopu ya zamani ya majaribio inayotumia DDR3 ya volti 1.5. Nikakiweka humo. Mizunguko minne, safi kama pamba. Kipande kilikuwa kizima. Nilikuwa nimekipa umeme pungufu ya ule kinaouhitaji, kikawa kinafanya kazi mpaka kizidiwe. Kuna mashine ambazo zingekataa kuwaka kabisa na kipande kama hicho, na siku ile ingekuwa heri.

Kutafuta kilicho sahihi

Jumanne mchana nilizunguka meza za mafundi wa laptopu Mwanjelwa. Kila nilipouliza PC3L nilijibiwa “zote zinaingia, kaka”. Ni kweli, zote zinaingia. Meza ya tatu nilikipata kimoja cha GB 4, lebo wazi, PC3L-12800S, kwa elfu ishirini, tukakubaliana kwamba kikifeli kipimo nakirudisha ndani ya siku mbili.

Mbona GB 4 na siyo 8? Namba ya 6.9 ndiyo iliyoamua. Jumla ya GB 8 ingetosha mahitaji niliyoyapima, ikibaki na nafasi kidogo. Vipande viwili vinavyolingana ukubwa pia humwezesha prosesa kusoma kwa njia mbili kwa pamoja, na kwa mashine ambayo michoro yake inakula kwenye RAM hiyohiyo, njia mbili zinaonekana. Ubao wenyewe unakubali hadi GB 16, kwa hiyo mlango haukufungwa. Na mama alikuwa na bajeti ambayo niliiona inahitajika mahali pengine, nitapataja.

Nilisugua miguu ya dhahabu ya kile kipande kwa raba nyeupe ya shule, nikafuta vumbi lake kwa brashi. Kikalala usiku mzima kwenye kipimo pamoja na mwenzake. Hakuna kosa. Jumatano saa moja na nusu asubuhi kiboksi kilikuwa mezani kwake.

Hali ilivyokuwa baadaye

Kwa kazi ileile ya Alhamisi, RAM sasa ilikaa kati ya asilimia 70 na 78. Kuhama kutoka Photoshop kwenda Chrome hakukuwa na kusubiri. Skrini ya bluu haikurudi. Programu ya pili ya kuzuia virusi niliiondoa.

Faili la madeni tulilipata kwa nakala iliyokuwa kwenye flashi, ya siku nne nyuma. Pengo la siku nne mama alilijaza kutoka kwenye daftari la karatasi ambalo binti alikuwa amelidharau miezi yote hiyo. Walimu wawili walidaiwa kwa kumbukumbu ya kichwa, na mmoja alikumbuka kiasi kidogo kuliko alichokikumbuka mama. Tofauti ile, elfu sita, nililipa mimi. Mama alikataa, nikaiacha chini ya kibodi.

Kilichobaki kizito ni kuwaka. Kutoka kubonyeza kitufe hadi binti aweze kufanya kazi zilikuwa zaidi ya dakika tatu kabla ya RAM, na baada ya RAM zikawa karibu mbili na nusu. Hilo ni la diski. Agosti tulitoa ile inayozunguka tukaweka SSD, diski isiyozunguka, ya GB 240, na kuwaka kukashuka chini ya nusu dakika.

Uchambuzi

Fundi mwenzangu niliyemsimulia alisema ningeanza na SSD na kisa chote kisingekuwepo. Tumebishana zaidi ya mara moja. Ana hoja: kwa mashine nyingi za mtumba zinazoletwa kwangu, SSD ndiyo tiba inayoonekana zaidi. Lakini hapa mahitaji yalikuwa GB 6.9 kwa 4. SSD ingefanya ule mkopo wa diski uwe wa haraka, usingeisha. Ingekuwa inaandikwa mchana kutwa kufidia RAM isiyokuwepo. Bado naamini mpangilio ulikuwa sahihi. Namna ya kuutekeleza ndiyo ilikuwa ovyo.

Kosa la simu lingezuilika bila hata mimi kutoka Mbalizi. Niliuliza kizazi cha prosesa wakati nilipaswa kuuliza jina la modeli, ambalo limeandikwa kwenye boksi lenyewe. Zaidi ya hapo, Task Manager ya Windows 10, kwenye ukurasa wa utendaji sehemu ya kumbukumbu, huonyesha kasi ya RAM, nafasi ngapi zimetumika na umbo la kipande. Binti angenisomea: 1600, nafasi 1 kati ya 2, SODIMM. DDR4 za kwenye mashine za kizazi kile kwa kawaida husoma 2133, kwa hiyo 1600 peke yake ingenifanya nitoe kichwa chini ya meza. Ni dakika moja ya simu dhidi ya elfu sitini na tano. Siku hizi naomba picha mbili za WhatsApp kabla ya kutamka neno “nunua”: ya ukurasa ule, na ya lebo ya modeli.

Kosa la kopo ni la aina nyingine, na ndilo linalonisumbua kulifundisha kwa vijana ninaofanya nao kazi. La kwanza lilitokana na kutojua, hili nililijua. Nilijua L ni nini, nilijua karatasi imefunika wapi. Kilichoamua ni watu tisa barazani na aibu ya kosa la dakika ishirini zilizopita. Nilitaka kulifuta mbele ya mama upesi. Kama ningesema “mama, leo tumia hivihivi na GB zako 4, kesho nakuja na sahihi”, angenung'unika na siku ingepita kama zilivyopita nyingine. Mashine ilikuwa nzito lakini ilikuwa ya kuaminika, mimi nikaigeuza kuwa nyepesi na ya uongo.

Kwenye kipimo, tatizo halikuwa chombo. Kile cha Windows kina viwango vizito pia, na kingeachwa usiku kingeweza kuona kitu. Nilichagua kiwango kulingana na foleni. RAM yoyote iliyotumika, hata ukiitoa kwa mtu unayemwamini, inahitaji usiku mmoja. Nikikabidhi mashine kabla ya usiku huo sasa naandika kwenye risiti kwamba haijamaliza kupimwa, na namwambia mteja asiweke kitu cha pekee humo. Nakala ya faili la madeni ilipaswa kuchukuliwa Alhamisi kabla sijagusa skrubu. Iliyotuokoa ilikuwa ya bahati, binti alikuwa amelipeleka faili nyumbani kuchapa.

Yaliyokwenda vizuri siyo mengi, lakini yapo. Kutosukuma kipande kilichokataa kuingia kuliokoa ubao. Kubadilisha kitu kimoja kimoja usiku ule ndiko kulikonipa jibu badala ya dhana. Ningenunua kipande kingine palepale, nisingejua kama nafasi ya RAM ni nzima, na ningekitupa kipande kizuri kikiwa na jina baya. Kubeba gharama ya kosa langu kulinifanya nibaki na mteja, ingawa sikufanya hesabu hiyo wakati ule.

Suala la kama mashine ilistahili fedha yote hiyo tulilizungumza waziwazi Agosti, kabla ya SSD. Microsoft ilikuwa imeshatangaza kwamba Windows 10 itaacha kupata masasisho tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha sita haimo kwenye orodha ya Windows 11, ambayo kwa Intel, ukiacha chache za cha saba, inaanzia kizazi cha nane. Nilimwambia mama asizidishe elfu themanini. SSD ilimgharimu chini ya hapo, na ikija siku ya kubadili mashine anaihamisha. RAM ya DDR3L haihami popote, ndiyo sababu nyingine sikumnunulia GB 16.

Kipande cha DDR4 kilikaa kwenye droo yangu hadi Novemba, kikaingia kwenye 3050 ya mteja mwingine kwa elfu hamsini na tano. Na lile kopo la kahawa nimelitenga: la kahawa ni la zenye L, zisizo nayo nimezihamishia kwenye kopo la maziwa ya mtoto. Vikaratasi vya dhamana vyote nimevibandua.